Nani Mtendaji wa Kuua? Uhakiki wa Kisa cha Roboti Muuaji cha Richard G. Epstein

Miongoni mwa kazi za kubuni ambazo hazikuandikwa na mtu wa fasihi, wala kwa ajili ya wasomaji wa fasihi, ni chache zinazostahili jicho la mhakiki kama kisa cha Richard G. Epstein kiitwacho The Case of the Killer Robot. Epstein alikuwa mwalimu wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha West Chester, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kisa chake alikitunga kiwe chombo cha kuwafundishia maadili ya kazi wanafunzi wanaojiandaa kuwa waandishi wa programu, na mwaka 1997 kilichapishwa katika kitabu pamoja na hadithi nyingine za namna hiyo. Katika idara za kompyuta kisa hiki kinafahamika vyema. Katika idara za lugha ni nadra kukisikia kikitajwa. Hasara hiyo ni ya idara za lugha, kwani swali lililo kiini cha kisa ni swali la sarufi kabla halijawa la sheria: pale mashine inapomtoa mtu roho, kitenzi 'kuua' kina mtendaji gani?

Kwanza fani yake. Kisa hakina msimulizi. Katika umbo lake la awali kimejengwa kwa nyaraka tisa za kubuni, nazo ni habari saba za gazeti, makala moja ya jarida la kitaalamu, na mahojiano moja ya gazeti na profesa wa maadili. Msomaji hukabidhiwa vipande hivyo kama karani wa mahakama akabidhiwavyo faili, kisha huachwa ajiunganishie mwenyewe. Aghalabu habari hizo huletwa na mwanamke aitwaye Mabel Muckraker, na jina hilo ni la majazi, kwa kuwa ndilo waliloitwa waandishi wa habari wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuwa wakifukua uchafu wa wakubwa. Mbinu ya majazi ni kongwe katika riwaya ya Kiswahili, na msomaji aliyelelewa na Shaaban Robert ataipokea bila mshangao.

Habari ya kwanza inatangaza kwamba Randy Samuels, aliyekuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya Silicon Techtronics, ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Marehemu ni Bart Matthews, mfanyakazi wa kiwanda kingine aliyekuwa akiendesha roboti iitwayo Robbie CX30. Mkono wa roboti hiyo uliruka ovyo, ukampiga na kumtupa ukutani, akafa. Mwendesha mashtaka, Jane McMurdock, ana ushahidi anaouona kuwa hauna mwanya: Samuels alipewa fomula ya mwendo wa roboti iliyoandikwa kwa mkono na mwanafizikia wa mradi, akaisoma vibaya, na programu yake ikabeba kosa hilo mpaka kiwandani.

Mtu aliyewahi kuhariri muswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ataielewa upesi hali ya Samuels. Katika miswada hiyo herufi moja huweza kusimama mahali pa b, pa p au pa mb. Irabu u na o huandikwa kwa alama moja. Na nukta iliyofifia huweza kuligeuza neno zima. Mhariri huokolewa na vina, mizani, na ujuzi wake wa lahaja ya mtunzi. Akikosea, mhariri mwingine atamsahihisha baada ya miaka kumi, na katika muda huo hakuna aliyeumia isipokuwa marehemu mtunzi. Fomula haina vina wala mizani ya kumwonya anayeinakili, na mashine inayoitekeleza haina mhariri ndani yake. Mwaka 1962 chombo cha anga cha Marekani, Mariner 1, kilipotea njia na kuteketezwa kwa makusudi dakika chache baada ya kurushwa, na katika sababu zilizotajwa ilikuwamo alama moja ndogo iliyoachwa wakati wa kunakili maagizo yake. Epstein basi hakubuni jambo lisilowezekana. Alilolibuni ni maiti, na pamoja na maiti, mshtakiwa.

Hapo ndipo inapofaa kulitazama jina la kazi yenyewe. Katika Kiingereza, maneno mawili ya anwani yamebananishwa bila kiambishi chochote kinachoonyesha uhusiano wao. Kiswahili hakimruhusu mfasiri starehe hiyo. Akisema 'roboti muuaji' ameiingiza mashine katika ngeli ya watu na kuipa tabia ya kudumu. Akisema 'roboti iliyoua' ametaja tukio lililotokea siku moja. Akisema 'roboti ya kuulia' ameigeuza silaha. Hata upatanisho wa nomino yenyewe haujatulia. Wengi huiweka roboti katika I-ZI, wakasema roboti imeharibika; wengine, hasa magazetini, husema roboti amefanya kazi fulani, kwa kuifuata kanuni inayotuwezesha kusema kipofu ameketi au kifaru ameanguka, yaani kanuni ya kukipa upatanisho wa A-WA chochote chenye uhai. Tofauti hii si ya kupuuzwa na kuachiwa wahariri wa kamusi. Anayeandika 'roboti alimwua Matthews' ameipulizia mashine roho, na papo hapo ameitoa kampuni nje ya mahakama.

Historia ya neno lenyewe inaunga mkono I-ZI. Neno roboti lilienezwa na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa mjini Prague mwaka 1921. Mwenyewe alieleza kwamba aliyempa neno hilo ni ndugu yake Josef. Limetokana na neno la Kicheki linalomaanisha kazi ya kulazimishwa, ambayo wazee wa pwani wangeiita shokoa. Anayefanya shokoa hafanyi kwa hiari yake, na kila shokoa ina mwenye kuiamuru.

Lakini hoja nzito zaidi imo katika viunganishi viwili vidogo. Kiswahili husema mtu ameuawa na adui kwa panga: 'na' humtaja mtendaji, 'kwa' hutaja ala. Nyaraka tisa za Epstein, zikisomwa kwa mfululizo, ni safari ya Robbie CX30 kutoka 'na' kwenda 'kwa'. Umma wa kisa unaanza kwa kuamini kwamba Matthews aliuawa na roboti. Mwendesha mashtaka anasahihisha: aliuawa na Samuels kwa roboti. Kila waraka unaofuata unaiacha roboti pale ilipo, penye 'kwa', na kumleta mtu mwingine kwenye nafasi ya 'na', hadi nafasi hiyo inawajaa watu wasioweza kuketi pamoja.

Orodha yao ni ndefu na Epstein ameipanga kwa ustadi. Yupo Michael Waterson, mkuu wa kampuni, anayetaka roboti itoke upesi kwa sababu ya faida. Yupo Ray Johnson, mkuu wa kitengo cha roboti, mwenye nadharia yake ya sabuni: kwa kuwa hata sabuni inayosifiwa kwa usafi haikosi chembe ya taka, programu nayo haina haja ya kutokuwa na kasoro. Yupo Sam Reynolds, msimamizi wa mradi, aliyehamishwa kutoka kazi nyingine ya kompyuta na kulazimisha utaratibu wa kazi aliouzoea huko. Mafunzo yaliyoahidiwa waendeshaji yalipunguzwa. Profesa Wesley Silber anagundua kwamba majaribio ya programu hayangeweza kuleta matokeo yaliyoripotiwa. Naye Horace Gritty, katika makala yanayoiga kwa kejeli tulivu mtindo wa majarida ya kitaalamu, anahoji kwamba maongezi kati ya mashine na mwendeshaji wake yalibuniwa vibaya, kiasi kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hangejua la kubonyeza.

Makala hayo ya Gritty ndiyo sehemu ambayo mwanaisimu ataipenda kuliko zote, ingawa wasomaji wengi huirukaruka kwa ukavu wake. Yanadai, kwa ufupi, kwamba mashine ni msemaji na kwamba usemi wake waweza kuua. Dai hilo lina ushahidi nje ya hadithi. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita, nchini Marekani na Kanada, kipimo kikubwa mno cha mionzi, na baadhi yao wakafa. Kasoro ilikuwamo katika programu, lakini mashine ilipokwama ilimwambia mwendeshaji neno moja la hitilafu na nambari, kwa mfano 54, bila maelezo mengine. Waendeshaji walikuwa wamezoea kuyaona matamshi ya aina hiyo mara kwa mara, nao wakabonyeza kitufe cha kuendelea. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, ulikataa kuifunga habari yote katika mstari mmoja wa programu uliokosewa. Ulitazama pia vizuizi vya chuma vilivyoondolewa kwa kuamini kwamba programu inatosha, na malalamiko ya hospitali ambayo hayakuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Epstein anasimama katika mkondo huo huo wa fikra.

Kwa upande wa wahusika, kisa kina mafanikio machache na moja kubwa. Samuels mwenyewe husemwa zaidi kuliko anavyosema. Gazeti linamchora kama mtu wa majivuno asiyestahimili kukosolewa, kisha kamati ya watetezi wake, inayosemewa na Ruth Witherspoon, inamchora kama kondoo wa kafara. Kati ya picha hizo mbili hakuna mtu aliyebaki. Inafaa kumlinganisha na Karama wa Kusadikika (1951), aliyeshtakiwa na Majivuno na kupewa siku sita za kujitetea, akazitumia kuishtaki nchi nzima kwa visa vya wajumbe waliotangulia. Kwa Shaaban Robert mshtakiwa ndiye kinywa cha hadithi. Kwa Epstein mshtakiwa ni kimya kinachozungukwa na kelele za watu wengine, na huenda ndivyo mahakama za zama za viwanda zilivyo hasa.

Mafanikio makubwa ni Cindy Yardley. Huyu ndiye aliyeghushi matokeo ya majaribio ili roboti ipite. Angekuwa mhusika wa mtunzi dhaifu, angeghushi kwa tamaa au kwa woga wa bosi. Yardley anakiri kwamba alifanya hivyo ili kuziokoa kazi za wenzake, kwa kuwa alielezwa kwamba roboti isipotoka kitengo chao hakina maisha. Kwa hiyo mapenzi ya mfanyakazi kwa wafanyakazi wenziwe ndiyo yanayomwua mfanyakazi wa kiwanda kingine, ambaye hamjui. Epstein halitaji tabaka mahali popote kwa jina hilo, naye hana haja ya kulitaja: Waterson, ambaye hakugusa programu wala majaribio, ndiye pekee anayefaidika na umoja wa wafanyakazi wake. Waandishi wetu waliojaribu kuuchora usaliti ndani ya tabaka moja wangeweza kujifunza kitu katika ukurasa huo mfupi.

Waraka wa mwisho unaiharibu kazi hii. Ni mahojiano na Profesa Harry Yoder, mtaalamu wa maadili, ambaye anaulizwa maana ya yote yaliyotokea na kuieleza kwa utulivu, kwa mpango, na kwa urefu. Baada ya nyaraka nane zilizomwamini msomaji, anatokea mwalimu na kumfutia ubao. Ni kweli kwamba kisa kilitungwa kwa ajili ya darasa, na huenda wanafunzi wa kompyuta walihitaji mkono wa kuwashika. Mhakiki hawezi hata hivyo kukisamehe kitabu kosa kwa sababu mwandishi wake alikuwa na nia njema. Mwalimu yeyote atakayekitumia kisa hiki katika darasa la fasihi angefanya vyema kuugawa waraka huo siku ya pili, baada ya wanafunzi kugombana.

Upungufu mwingine ni wa maudhui, na unahitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi. Kisa chote kimetundikwa kwenye kosa la kusoma. Ingawa Epstein anawaongeza wenye lawama mmoja baada ya mwingine, mzizi unabaki kuwa ni mtu aliyekusudia jambo jema akaandika baya. Siku hizi jina la roboti muuaji limehamia mahali ambapo hakuna kosa la aina hiyo. Mwaka 2013 Christof Heyns, mwanasheria wa Afrika Kusini, aliliwasilishia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu silaha ziwezazo kuchagua shabaha na kufyatua bila mtu kuamua, akashauri zisimamishwe kwanza. Kwa silaha ya namna hiyo, kuua ni dalili kwamba programu ni nzima. Hapo 'roboti ya kuulia' ndiyo tafsiri pekee ya kweli, na 'muuaji' ni sitiara inayomsitiri aliyeiagiza.

Katikati ya ncha hizo mbili, ya kosa na ya kusudi, ndipo palipotokea msiba ulioifikia Kenya. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Zaidi kidogo ya miezi minne kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imeanguka baharini nchini Indonesia na kuua watu 189. Katika ndege zote mbili programu iliyowekwa ili kuinamisha pua ya ndege ilipokea habari ya uongo kutoka katika kipimo kimoja, ikainamisha pua, marubani wakaiinua, nayo ikainamisha tena. Kuwapo kwa programu hiyo hakukuelezwa katika vitabu walivyopewa marubani, mpaka ajali ya kwanza ilipokwisha kutokea.

Hakuna Samuels hapa. Hakuna aliyesoma nukta vibaya. Programu ilitekeleza ilichoagizwa, na walioiagiza walikuwa na sababu za kibiashara za kutaka ndege mpya ionekane kuwa ni ile ile ya zamani, ili marubani wasihitaji mafunzo marefu. Hata hivyo sheria ya Marekani ilipotafuta mtu wa kumweka penye 'na', ilimpata mmoja tu: rubani wa masuala ya kiufundi aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni, aliyeshtakiwa kwa ulaghai, si kwa kuua. Mawakili wake walisema kwamba amefanywa mbuzi wa kafara, na Machi 2022 jopo la waamuzi huko Texas lilimwona hana hatia. Kampuni yenyewe ilikuwa imekubali, Januari 2021, kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili kesi ya jinai dhidi yake iahirishwe. Anayezisoma habari hizi baada ya kumsoma Epstein atastaajabu jinsi mtunzi alivyouona mapema utaratibu wa kutafuta mtu mmoja, na jinsi alivyokosea kudhani kwamba lazima mtu huyo awe amekosea kitu fulani kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Pana jambo moja zaidi ambalo kisa hakikulipa nafasi. Bart Matthews ndiye sababu ya nyaraka zote tisa, na katika zote yeye ni shamirisho. Msomaji anaambiwa jinsi alivyopigwa, mafunzo aliyonyimwa, na skrini aliyokuwa akiitazama. Wataalamu wanazijadili sekunde zake za mwisho kama wajadilivyo kipimo cha maabara. Kiswahili kina kitenzi 'kufiwa', ambacho kiima chake ni yule aliyebaki, na aliyekufa hufuata nyuma ya 'na': mama amefiwa na mwanawe. Nafasi ile ile ya 'na' ambayo mahakama humtafutia muuaji, lugha humpa marehemu. Kisa cha Epstein kingeweza kufasiriwa karibu chote bila mfasiri kukihitaji kitenzi hicho.

Oktoba 2019, mkuu wa kampuni ya Boeing alipohojiwa na kamati ya Seneti mjini Washington, waliofiwa waliketi safu za nyuma yake, na wakati mmoja wakasimama na kuziinua picha za wafu wao huku maswali yakiendelea. Waraka wa kumi wa aina hiyo haumo katika kisa, na mfasiri wa Kiswahili atakayefika kwenye mahojiano ya Profesa Yoder atajua mara moja mahali ambapo ungekaa.